Maswali Yenu: Mbona Mlima Wangu Hautishi?

Mwezi uliopita tuliweka picha ya bahari iliyochafuka kwenye ukurasa wa katikati, tukasema mwenye swali kuhusu wachoraji wa mandhari aandike. Nilitegemea barua tatu nne hivi. Zimekuja mpaka zikanishinda, na karibu nusu zinauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, yaani hawa watu wanafanyaje mpaka karatasi inamtisha mtu mzima? Nimechagua tano. Ambao hamjaiona barua yenu msinune, zipo, zinakuja.

Shikamoo. Mimi ni mvuvi, Tanga. Kipindi cha kusi nikiwa baharini huwa napiga picha mawimbi na simu, mawimbi ya kweli kweli, ila nikifika nyumbani nikiangalia naona maji tu, hata waifu ananicheka. Sasa kwa kinyozi wetu kuna kalenda ina lile wimbi la Kijapani la bluu, nililiona tumbo likacheza. Na ni la kuchora tu! Inakuwaje?

Marahaba. Hilo wimbi ni la Hokusai, mzee wa Kijapani, alilitoa kama mwaka 1831 hivi akiwa ameshagonga miaka sabini. Na wala sio rangi ya mafuta kwenye turubai, ni chapa ya mbao: wanachonga ubao, wanapaka rangi, wanagandamizia karatasi, zinatoka nakala kibao za bei chee. Halafu ndogo, sentimita 25 kwa 37 hivi, ukiwa na daftari kubwa unaifunika. Kwa hiyo kama ulidhani inatisha kwa ukubwa, hapana.

Angalia kwanza jicho lako limewekwa wapi. We ukipiga picha umesimama kwenye ngalawa, simu iko usawa wa kifua, unayaangalia maji kwa juu, na kitu chochote ukikiangalia kwa juu kinalala. Hokusai kakushusha chini kabisa, kwenye lile bonde kati ya wimbi na wimbi ambalo nyie wavuvi mnalijua mkiwa mle ndani hamuoni hata pwani. Sa wimbi limepanda juu ya kichwa chako. Halafu tafuta boti, ziko tatu, watu wengi wanaziangalia miaka kumi bila kuziona. Ndani yake wapiga makasia wamejikunyata wameyakumbatia makasia, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kuangalia kinachokuja. Hilo ndo linalonimaliza mimi kila siku.

Halafu mlima. Chini katikati kuna kitu kidogo kina weupe juu, ukipita haraka unadhani ni wimbi jingine lenye povu. Ndiyo Fuji hiyo, mlima mrefu kuliko yote Japani, mita 3,776, mzee kaufanya mdogo kuliko povu. Ukishagundua ule ni mlima, wimbi linakua hapo hapo mbele ya macho yako, na hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Na lile povu lina kucha, liangalie vizuri, kila ncha imepinda kama inataka kudaka mtu, ila wimbi lenyewe bado halijaanguka. Lingekuwa limeshaanguka tungepumua.

Siku nyingine inama, simu iwe karibu na maji, na usubiri ngalawa ya mwenzako iingie kwenye picha ikiwa mbali kidogo. Ikilowa usiniletee bili.

Bro mambo. Nachora Kilimanjaro nauza kwa watalii hapa Moshi, mwaka wa saba huu. Juzi mteja kaangalia weee, mwisho ananiambia mlima wangu mzuri lakini hautishi, akaenda zake bila kununua. Nimekereka aisee. Theluji nimeweka, jua linazama nimeweka, mgunga nimeweka, twiga nimeweka. Kimekosekana nini?

Poa kaka. Hakijakosekana kitu, kimezidi, na kilichozidi ni twiga.

Jicho la mtu likiingia kwenye picha linatafuta kitu linachokijua ili lipimie vingine. Twiga kila mtu anamjua, mita tano hivi mpaka kwenye pembe. We umemweka mbele kabisa, shingo inafika usawa wa Kibo, kwa hiyo umempa mteja rula na rula inasema mlima ni wa mita tano. Kibo ya watu, mita 5,895, imekuwa na kimo cha twiga! Sijaona picha yako ila nimeziona za wenzako barabara nzima, nadhani nakisia sawa. Mtoe, au mpeleke kule chini mlimani awe kidoti, mtu amgundue kwa kuchelewa.

Kuna Mchina anaitwa Fan Kuan alijua hii ishu miaka elfu moja iliyopita. Picha yake ya wasafiri kati ya milima na vijito imechorwa kwenye hariri, ina urefu wa mita mbili na kidogo, na theluthi mbili ya juu ni jabali moja limekaa kama ukuta. Poromoko la maji linashuka kwenye ufa, jembamba kama uzi wa kushonea. Ukishamaliza kushangaa huko juu ndo unashuka, unakuta chini upande wa kulia kuna msafara wa nyumbu (wa kubeba mizigo, sio wale wa Serengeti) na watu wawili, wadogo kama punje za mchele, wanatembea zao. Na kati ya hao nyumbu na jabali kuna nini? Ukungu. Kapaacha peupe. Hujui mguu wa mlima unaanzia wapi, kwa hiyo akili yako inausogeza mbali yenyewe bila kulipwa.

Na hili we unalijua kuliko Fan Kuan, unaishi nalo. Asubuhi na mapema mlima uko wazi, ikifika saa nne mawingu yameshaufunga, halafu jioni unaangalia pale unapodhani kilele kipo huoni kitu, mpaka mtu anakushika kidevu anakuinua kichwa, kumbe Kibo imetokeza juu zaidi ya ulipokuwa unatafuta, imekaa angani haina chini. Wageni wote wanapatwa na hiyo, kutafuta chini sana. Chora hiyo. Acha pengo la wingu katikati, usiunganishe mlima na shamba kwa rangi ya kijani mpaka juu kama unapiga plasta.

Mwingine wa kumsoma ni Caspar David Friedrich, Mjerumani, alizaliwa 1774 Greifswald, pwani ya kaskazini kule. Kati ya 1808 na 1810 alichora mtawa amesimama ufukweni. Mita moja na kitu kwa mita moja na sabini, na ndani hamna kitu! Mchanga kidogo chini, mstari mweusi wa bahari, halafu mbingu, mbingu, mbingu. Mtawa ni mstari tu. Sa wataalamu walipoipima kwa mitambo wakakuta chini ya rangi kuna meli. Alizichora kwanza, kisha akazifuta kwa kuzipaka mbingu juu yake. Hebu fikiria roho ya kufuta meli ambayo umeshaichora. Meli zingebaki jicho lingepata pa kushika, lingesema hee kumbe zile zinakwenda bandarini, basi, limetulia. Alivyozifuta umebaki we na mtawa na hewa. Mwandishi mmoja wa wakati huo, Kleist, alisema ukiiangalia ni kama umekatwa kope, yaani hata kufumba huwezi.

Lakini kabla hujaenda kumfukuza twiga, na mimi nikuulize, nani kasema mlima lazima utishe? Hayo ni mapenzi ya watu fulani wa wakati fulani. Ulaya karne ya 18 wenye pesa walianza kupenda raha ya kuogopa ukiwa salama, majabali, radi, mabarafu, mwandishi mmoja anaitwa Burke akaandika kitabu kizima juu ya hiyo hisia mwaka 1757, na wachoraji wakapata soko. Mteja wako kaja na hayo macho kichwani hata kama hajui kayatoa wapi. Sasa chukua Sam Ntiro, mtu wa huko huko kwenu, Mchagga, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akatuwakilisha London kama balozi baada ya uhuru. Yeye alichora watu wa migombani, wengi, wadogo wadogo, wanalima, wanabeba, wanakwenda kwenye sherehe. Moja ya 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi usiku kwa bibi harusi (mbege hiyo jamani), iko kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Mlima kwa Ntiro unalimwa, unalisha watu. Haumtishi kwa sababu yeye yuko juu yake, yule mtalii yuko kwenye balkoni ya hoteli. Mi binafsi za Ntiro nazipenda kuliko za Wajerumani wote, ila mimi sio mteja wako.

Salaam aleikum. Mwanangu asoma sanaa hapa Mombasa, juzi kaja na hadithi eti kuna Mzungu alijifungisha kwenye mlingoti wa meli dhoruba ikipiga, apate kuiona vizuri aende akaichore. Babake ni baharia, alicheka mpaka machozi, asema mtu huyo angekufa na baridi kabla ya kushika brashi. Sasa nyumba nzima wabishana. Nani mkweli?

Aleikum salaam mama. Babake ana pointi kubwa, ila na mtoto msimzime.

Mzungu mwenyewe ni Turner, Mwingereza, picha ni ya 1842 na iko jumba la sanaa la Tate, London: meli ya mvuke iko mdomoni mwa bandari kwenye dhoruba ya theluji. Jina la picha refu kama barua ya madai, na humo ndani kaandika mwenyewe kwamba alikuwamo kwenye dhoruba hiyo usiku ule meli Ariel ilipotoka Harwich. Habari ya mlingoti ilipita kwa midomo ya watu mpaka ikaandikwa: eti aliwaomba mabaharia wamfunge, akakaa masaa manne, hakutegemea kupona. Umri wake miaka sitini na kitu. Waliofuatilia hiyo safari hawakupata Ariel inayolingana na hayo maelezo, kwa hiyo wengi wanaona mzee alitia chumvi, na chumvi nyingi.

Ila mwambie babake aiangalie picha yenyewe kwanza ndo acheke. Hakuna mstari wa upeo uliolala. Hakuna! Kila kitu kinazunguka, maji yanapanda upande mmoja, wingu linashuka upande wa pili, moshi wa meli umepinda unaingia kwenye theluji mpaka hujui kipi ni moshi kipi ni mbingu, na katikati kabisa kuna kitu cheusi chembamba, ndo meli, imeshikiliwa na kamwanga kadogo nyuma ya mlingoti. Sasa muulize, usiku wa dhoruba ukiwa deki we huwa unayaona mawimbi moja moja, yamechongeka, yana povu safi kama kwenye kalenda? Au unaona mwanga, giza, mwanga, na hujui juu ni wapi? Mi nimevuka kwenda Unguja na boti siku moja bahari imechafuka na nikiri kwamba nilichoona ni chini ya kiti changu tu.

Wakosoaji wa enzi zile walimcheka, mmoja akasema ni povu la sabuni na chokaa ya kupakia ukuta. Inasemekana kilimuuma sana, akanung'unika kwamba hao watu wanadhani bahari inafananaje, laiti wangekuwa mle ndani. Kwa hiyo hata kama kamba ilikuwa ya uongo, picha inakufunga wewe.

Mkitaka ubishi uishe, au uwe mkubwa zaidi, wekeni pembeni yake picha ya Aivazovsky inayoitwa Wimbi la Tisa, ya 1850. Huyu alizaliwa Feodosia, mji wa bandari kule Crimea, akawa mchoraji rasmi wa jeshi la majini la Urusi, alichora karibu picha 6,000 na bahari aliichora kwa kumbukumbu, chumbani, kwa sababu kwa maoni yake maji hayasubiri brashi. Turubai lake ni mita mbili na kitu kwa tatu na kitu. Watu wachache wameng'ang'ania kipande cha mlingoti uliovunjika, usiku mzima umepita, mabaharia wa zamani waliamini wimbi la tisa ndo kubwa kuliko yote na hilo linakuja, ila nyuma yake jua linachomoza na maji yamekuwa kijani ya chupa, mwanga unapita ndani yake kabisa. Kila kamba unaijua, kila wimbi unaweza kulihesabu. Nadhani babake atampenda Aivazovsky na mwana atabaki na Turner, na wewe mama utakuwa umepata usiku mmoja wa amani, au hujapata.

Niaje. Swali fupi. Hawa maartisti wa mandhari si ni waongo? Niliona painti ya milima ya Amerika inang'aa kama mbinguni, nikagugo hiyo sehemu, sikuona kitu kama hicho. Mnatuuzia nini? (Nakuru)

Poa sana. Ndiyo, wanapanga. Church, mchoraji wa Kimarekani, mwaka 1859 alionyesha New York picha ya milima ya Andes yenye upana wa mita tatu, watu walipanga foleni wakalipa senti 25 kila mmoja, wengine wakaja na darubini ndogo za ukumbini ili waone majani na ndege. Mahali penyewe hapapo. Alisafiri Amerika Kusini mara mbili, 1853 na 1857, akarudi na michoro mingi, akashona mto wa huku na kilele cha kule na mti wa pengine. Mwenzake Thomas Moran alisema wazi kabisa kwamba kunakili mandhari neno kwa neno yeye hakuthamini.

Huyu Moran ndo mfano mzuri, maana chumvi yake iliingia mpaka kwenye bunge la Marekani. Mwaka 1871 alikwenda Yellowstone, magharibi mwa Marekani, na msafara wa serikali ulioongozwa na Hayden, pamoja na mpiga picha Jackson. Kamera ya wakati ule haina rangi, na uajabu wa Yellowstone nusu yake ni rangi, mawe ya njano, maji ya moto ya bluu na kahawia. Walioandika habari zake mwanzo walionekana wazushi. Picha za Jackson zikathibitisha kwamba vitu vipo, picha za Moran za rangi za maji zikaonyesha vinafananaje, wabunge wakaonyeshwa, na tarehe 1 Machi 1872 Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo bunge likanunua turubai lake kubwa la korongo la Yellowstone kwa dola 10,000.

Kwa hiyo uongo wa rangi mi naweza kuusamehe. Ninaoushtukia ni uongo wa kupaonyesha mahali kana kwamba hapajawahi kuwa na mwenyewe. Wenyeji wa kule, Washoshone, Wabannock na Wacrow, walikuwa wakiwinda na kupita kule kabla hata Moran hajazaliwa, na picha nyingi za enzi hizo zinakuachia hisia kwamba mchoraji ndo mtu wa kwanza kufika. We na mimi tumeiona hiyo hadithi karibu na nyumbani, Wamaasai walitolewa Serengeti 1959, na sasa nenda kahesabu picha za Serengeti zinazouzwa uone ngapi zina mtu.

Mawingu yangu yanatoka kama pamba za duka la dawa. Na hizo picha unazozitaja kila siku sisi tusio na viza tutazionea wapi? (Dodoma)

Mawingu yanakuwa pamba kwa sababu unayachora ukiwa ndani, mwishoni, kuziba nafasi iliyobaki. Constable, mchoraji Mwingereza, baba yake alikuwa na vinu vya kusaga unga, na kinu cha upepo kikikosewa hali ya hewa ni hasara, kwa hiyo mbingu aliisoma tangu mtoto. Mwaka 1821 na 1822 alikuwa anapanda kilima cha Hampstead, London, na vipande vidogo vya karatasi, anachora mawingu tu, bila mti bila nyumba, halafu nyuma anaandika tarehe, saa, na upepo unavuma kutoka wapi. Fanya hivyo mwezi mmoja, dakika ishirini kila siku. Wingu la Dodoma la saa tisa mchana lina tumbo bapa na la kijivu, weupe uko juu tu, ukiliona hilo pamba imeisha.

Kuhusu kuziona, majumba mengi makubwa ya sanaa yameweka picha zao mtandaoni bure, kali kabisa. Met ya New York wana nakala ya wimbi la Hokusai na wana Andes ya Church, unapakua hata uprinti. Ya Fan Kuan iko jumba la makumbusho la taifa, Taipei. Ukiifungua hiyo izumu mpaka chini kulia, walipo wale nyumbu, kisha angalia kwenye majani ya miti nyuma yao. Amesaini pale, herufi mbili ndogo, na hakuna aliyeiona hiyo saini mpaka 1958. Ukiipata usiniandikie iko jani la ngapi, wengine bado tunatafuta.